Ncha za Mviringo na Usomekaji wa Kiswahili: Uhakiki wa Fonti ya Arial Rounded MT Bold

Ikisiri

Makala haya yanahakiki fonti ya Arial Rounded MT Bold, ambayo ni fonti nene, isiyo na serifi na yenye ncha za mviringo, kwa kuitazama kutoka ndani ya fonolojia, mofolojia na tahajia ya Kiswahili. Yanadai kuwa usomekaji si sifa ya fonti peke yake, bali ni matokeo ya kukutana kwa maumbo ya herufi na muundo wa lugha mahususi. Kwa kutumia dhana ya thamani ya ishara iliyoasisiwa na Ferdinand de Saussure, yanachunguzwa maeneo manne: mwanzo wa sentensi wenye umbo la Ili-, vokali ya mwisho ya kitenzi, konsonanti ng', na silabi wazi. Inabainika kuwa Kiswahili kinaikinga fonti hii dhidi ya baadhi ya kasoro zinazoogopwa katika lugha nyingine, lakini kinaifichua katika kasoro ambazo lugha hizo hazizitilii maanani. Inahitimishwa kuwa fonti hii inafaa kwa maneno machache yaliyoandikwa kwa ukubwa, na kwamba haifai kwa matini ya mtoto anayeanza kusoma, ingawa huko ndiko inakoelekea kutumiwa kwa sababu ya sura yake ya upole.

1.0 Utangulizi

Mhakiki anapochambua kitabu, kwa kawaida huanza na kile kilichosemwa na namna kilivyosemwa. Umbo la herufi, ambalo ndilo jambo la kwanza linalokutana na jicho la msomaji, mara nyingi huachiwa fundi wa uchapaji. Mgawanyo huo wa kazi una mantiki yake, kwa kuwa riwaya haibadiliki kuwa nyingine kwa kuchapwa upya kwa herufi tofauti. Hata hivyo, unaficha swali la kiisimu: je, herufi zilizochorwa kwa ajili ya lugha moja zinaitumikia lugha nyingine kwa kiwango kilekile?

Jibu linaweza kuanzia kwa Saussure. Katika Kozi ya Isimu Jumla, iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, anatumia maandishi kama mfano wa kueleza thamani ya ishara. Anaonesha kuwa mtu mmoja anaweza kuandika herufi t kwa maumbo kadhaa bila kuharibu chochote. Sharti ni moja tu, kwamba umbo hilo lisichanganyike na la herufi jirani kama l au d. Rangi ya wino na aina ya chombo kilichotumika havina uzito, kwani kinachofanya kazi ni tofauti baina ya herufi moja na nyingine ndani ya mfumo.

Kutokana na hoja hiyo, mambo mawili yanafuata. Kwanza, fonti ihukumiwe kwa uwezo wake wa kutunza tofauti kabla ya kuhukumiwa kwa uzuri wake. Pili, kwa kuwa tofauti hizo huishi ndani ya mfumo wa lugha fulani, hukumu iliyotolewa kwa kuangalia Kiingereza haiwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila kuchunguzwa upya. Jambo hili la pili ndilo linaloongoza makala haya.

2.0 Asili na Umbo la Fonti

Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders katika kampuni ya Monotype, kwa ajili ya mashine za IBM za kuchapia kwa leza. Upana wa herufi zake ulilinganishwa na ule wa Helvetica, ili hati iliyopangwa kwa fonti moja isivurugike inapochapwa kwa nyingine. Mwaka 1992 Microsoft iliiingiza katika Windows 3.1, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa fonti zilizoenea zaidi duniani. Arial Rounded MT Bold ni tawi la ukoo huo. Herufi MT ni ufupisho wa jina la Monotype, na jina zima linataja mambo mawili yanayoitenga na mzazi wake, yaani unene na mviringo. Kwa kuwa imekuwa ikisambazwa pamoja na programu za ofisi za Microsoft, mtumiaji hulazimika kuichagua tu katika orodha. Hahitaji kuinunua wala kuitafuta.

Katika Arial ya kawaida, ncha za herufi kama c, e, s na t zimekatwa kwa mshazari, na alama hiyo ndiyo mojawapo ya zile zinazoitofautisha na Helvetica. Katika Arial Rounded alama hiyo imefutwa. Kila mstari unaishia kwa nusu duara, iwe ni mguu wa n, mkono wa r au mdomo wa c. Pamoja na hayo mifupa ya Arial imebaki. Herufi a ndogo ina ghorofa mbili, yaani tumbo chini na kipinda juu. Herufi G kubwa haina kijimguu cha chini, na herufi I kubwa ni fimbo iliyosimama bila pambo lolote.

Kihistoria, ncha ya mviringo ni alama ya chombo kilichotumika. Kalamu yenye ncha duara huacha mstari wenye unene mmoja na miisho ya duara. Keekee inayochonga maandishi katika ubao au chuma hufanya vivyo hivyo, kwa sababu chuma kinachozunguka hakiwezi kuacha kona kali mwishoni mwa mfereji wake. Kwa upande mwingine, kalamu ya tete iliyokatwa bapa, ambayo waandishi wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu waliizoea, huacha mstari unaonenepa na kukonda kadiri mkono unavyogeuka. Katika Arial Rounded hakuna kalamu wala keekee. Mviringo wake ni uamuzi wa mchoraji, na hivyo ni halali kuuliza uamuzi huo unasema nini na unagharimu nini.

Kuhusu kinachosemwa, majina ya fonti za aina hii yanatoa fununu. Frankfurter, iliyochorwa na Bob Newman kwa ajili ya kampuni ya Letraset mwaka 1970, imepewa jina la soseji, na herufi zake zinafanana na soseji kweli. VAG Rounded ya mwaka 1979 ilikuwa na kazi tofauti. Iliandaliwa kwa ajili ya mtandao wa pamoja wa wauzaji wa magari ya Volkswagen na Audi, ambao hapo awali walikuwa wakitumia Futura upande mmoja na Times upande wa pili. Katika fonti zote mbili mviringo unapunguza ukali wa mnunuzi na muuzaji kukutana. Kwa Kiswahili ncha ya namna hii huitwa butu, na butu ni sifa ya kisu kisichokata. Sifa hiyo ni kasoro jikoni, lakini katika tangazo hugeuka kuwa ahadi kwamba hakuna kitakachomchoma anayesogea.

3.0 Fonti Mbele ya Muundo wa Kiswahili

3.1 Mwanzo wa Sentensi wenye Ili-

Katika Arial Rounded, herufi I kubwa na herufi l ndogo ni karibu umbo moja: fimbo nene, iliyosimama, yenye nusu duara juu na nyingine chini. Urefu wake hautofautiani kwa namna ambayo jicho linaweza kuitegemea. Kasoro hii ni ya fonti nyingi zisizo na serifi, na wahakiki wa Ulaya wameizoea. Huihesabu kuwa ndogo kwa sababu katika Kiingereza maneno yanayoanza kwa herufi hizo mbili zikifuatana ni machache.

Katika Kiswahili hali ni nyingine, na sababu yake ni ya kisarufi. Kiambishi kipatanishi cha ngeli ya I-ZI katika umoja ni i-, na hicho hicho ndicho kipatanishi cha wingi katika ngeli ya U-I. Kiambishi cha wakati uliopita ni -li-. Sentensi yoyote ya wakati uliopita ambayo kiima chake cha ngeli hizo kimedondoshwa itaanza kwa Ili-: Ilianza, Iliisha, Ilipotea, Iliota. Viunganishi ili, ilhali na ilimradi vinaongeza idadi, na vitenzi vya urejeshi kama iliyo na ilivyo navyo vimo. Kwa hiyo mfuatano ambao katika Kiingereza ni wa nadra, katika Kiswahili ni zao la kawaida la upatanisho wa kisarufi.

Mfano mmoja unatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Kuhusu kengele ya shule inaweza kusemwa: Ililia mara tatu. Neno Ililia lina herufi sita, na tano za mwanzo ni fimbo zilizosimama. Mbili kati ya hizo zinatambulishwa kwa nukta tu, na tatu zilizobaki hazina alama yoyote inayoonesha kuwa ya kwanza ni vokali na nyingine ni konsonanti. Unene wa fonti unazidisha tatizo, kwa sababu fimbo zinaponenepa nafasi baina yake hupungua, na nukta ya i husogeleana na shina lake. Neno hugeuka uzio.

Katika majina ya mahali msaada wa muktadha hupungua zaidi. Ilala ya Dar es Salaam, Ilemela ya Mwanza na Ileje ya Songwe huandikwa katika vibao, fomu na ramani, mahali ambapo hakuna sentensi ya kumsaidia msomaji. Mwenyeji hatatatizika kwa kuwa analijua jina kabla ya kulisoma, lakini kibao huwekwa kwa ajili ya mgeni.

3.2 Vokali ya Mwisho ya Kitenzi

Vokali ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kisarufi katika kitenzi cha Kiswahili. Watoto wasoma ni taarifa, ilhali watoto wasome ni agizo au matakwa. Hasomi ni kanushi, na i ya mwisho ni sehemu ya ukanushi huo. Tofauti ya dhamira imewekwa katika herufi moja ya mwisho, nayo mara nyingi ni tofauti baina ya a na e.

Katika fonti nyembamba herufi hizo mbili hazikaribiani. Katika fonti nene zinakaribiana, kwa sababu kinachozitofautisha ni uwazi wa ndani. Herufi a ya ghorofa mbili ina tumbo lililofungwa chini na mdomo unaotazama kushoto juu. Herufi e ina tumbo lililofungwa juu na mdomo unaotazama kulia chini. Wino unapoongezeka, uwazi huo hupungua, na nusu duara za mwisho huingia mdomoni na kuuziba zaidi. Katika jalada lenye herufi kubwa hakuna hatari. Katika mstari wa matini ya kawaida, uliochapwa katika karatasi inayofyonza wino, mdomo wa a na mdomo wa e hubaki kuwa nyufa mbili nyembamba. Dhamira ya kitenzi huning'inia katika nyufa hizo.

3.3 Konsonanti ng' na Ritifaa Yake

Katika tahajia sanifu, ambayo usanifishaji wake ulisimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ritifaa ya ng' ni sehemu ya kiwakilishi cha fonimu na wala si alama ya uakifishaji. Ng'oa ni kitenzi cha kutoa kitu kilichopandwa au kukita mizizi, na ngoa ni wivu au tamaa. Ritifaa ikipotea, neno halibaki na kosa la uakifishaji, bali linakuwa neno lingine.

Wachoraji wa fonti za Kilatini huichora ritifaa kama alama ndogo inayoelea juu ya mstari, kwa kuwa katika Kiingereza na Kifaransa kazi yake ni kuonesha mahali herufi ilipodondoshwa au maneno yalipounganishwa. Mfumo wa Unicode unatambua tofauti hiyo. Una alama ya U+02BC inayohesabiwa kuwa herufi, mbali na ritifaa ya uakifishaji. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili hubonyeza kitufe kilichopo. Katika fonti ya ncha za mviringo, alama anayoipata ni kijiti kifupi kilichobanwa baina ya kichwa cha g na mgongo wa o. Pale ambapo kila mstari ni mnene na kila mwisho ni duara, kijiti hicho huonekana kama tone la wino.

Utamaduni wa maandishi ya Kiswahili una kumbukumbu inayofaa hapa. Katika hati za Kiarabu, herufi zinazowakilisha b, t na th zina shina moja, na zinatenganishwa na nukta pekee. Mnakili wa tenzi alijua kwamba nukta ikikosewa neno limekosewa. Ritifaa ya ng' ndiyo nukta ya aina hiyo katika hati za Kilatini, nayo inastahili kuchorwa kwa uangalifu uleule.

3.4 Silabi Wazi kama Kinga

Haki inadai kutaja pia mahali ambapo Kiswahili kinaisaidia fonti hii. Kasoro mbili zinazotajwa sana katika fonti nene ni r na n kuungana na kuonekana m, na c na l kuungana na kuonekana d. Katika Kiswahili kasoro ya pili haiwezi kutokea katika neno la kawaida, kwa sababu c haitumiki bila h. Ya kwanza ni ya nadra, kwa kuwa silabi nyingi huishia kwa vokali na r haifuatwi na n mara kwa mara.

Nadra si sawa na kutokuwepo. Neno karne, lenye asili ya Kiarabu, lina mfuatano huo, na likibanwa katika herufi nene husomeka kame. Kwa kuwa kame ni neno halali lenye maana ya ukavu wa nchi, msomaji hapati ishara kwamba amekosea. Hata hivyo, kwa jumla eneo hili ni la faraja: muundo wa silabi wa lugha unafanya kazi ambayo umbo la herufi limeshindwa kuifanya. Hili linaimarisha hoja kuu kwa upande wa pili, kwani kama kasoro inaweza kuwa kubwa katika lugha moja na kutoweka katika nyingine, basi haikuwa mali ya fonti peke yake.

4.0 Matumizi

Beatrice Warde, aliyefanya kazi katika kampuni ileile ya Monotype, alisifika kwa kulinganisha uchapaji bora na bilauri ya kioo safi inayoonesha kinywaji bila kujionesha yenyewe. Insha hiyo ndiyo iliyoupa jina mkusanyo wake wa mwaka 1955. Arial Rounded haikusudii kuwa bilauri hiyo. Inataka kuonekana kabla ya kusomwa, na katika kazi zinazohitaji hivyo ina uhalali kamili. Jina la duka, nembo, kichwa cha tangazo na namba ya mlango ni maandishi mafupi, makubwa, yenye nafasi pande zote. Vitufe vya kibodi ni mfano mzuri wa mazingira hayo. Kampuni ya Apple ilitumia VAG Rounded katika kibodi zake kwa miaka kadhaa, kabla ya kuanza kuhamia San Francisco mwaka 2015. Herufi iliyo peke yake katika kitufe chake haina jirani wa kuchanganyika naye.

Tatizo huanza pale sura ya upole inapofanywa kuwa kigezo cha usomekaji. Mantiki yake inavutia: mtoto anahitaji upole, fonti hii ni ya upole, basi fonti hii inamfaa mtoto. Kwa mantiki hiyo herufi hutoka katika jalada na kuingia katika kurasa za ndani. Kinachosahaulika ni kuwa upole unamhusu mtu mzima anayechagua kitabu, ilhali usomekaji unamhusu mtoto anayekisoma.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa kwamba msomaji hasomi herufi mojamoja, na kwamba muktadha utamwonesha kuwa Ililia haianzi kwa konsonanti. Pingamizi hilo ni la kweli kwa msomaji mzoefu. Mtoto wa darasa la kwanza bado hajafika huko. Anafundishwa a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na anajenga neno kwa kuunganisha silabi. Njia hiyo inakifaa Kiswahili kwa sababu tahajia yake inakaribiana sana na matamshi, lakini inategemea kila herufi itambulike yenyewe. Muktadha anaoambiwa autegemee ndio hasa anaojaribu kuufikia. Akisoma fimbo ya kwanza kama l, hakuna chochote katika ukurasa kitakachomrudisha.

Herufi a ya ghorofa mbili inaweza kuongezwa katika orodha hii, kwa kuwa mtoto hufundishwa kuandika a ya ghorofa moja. Hoja hiyo isitiliwe chumvi, maana kila msomaji hatimaye hujifunza kuwa herufi moja ina maumbo mawili. Hili si sawa na suala la I na l. Maumbo mawili kwa herufi moja ni mzigo wa kujifunza, ilhali umbo moja kwa herufi mbili ni kuvunjika kwa mfumo wenyewe, kwa kigezo kilekile cha Saussure.

Njia mbadala ipo, na jina lake ni la Kiswahili. Andika ni fonti isiyo na serifi iliyotengenezwa na shirika la SIL mahususi kwa wanaojifunza kusoma, na herufi zake zimechorwa ili zile zinazokaribiana zisichanganywe. Inapatikana bure kwa leseni huria. Haina mvuto wa soseji wala wa duka la magari, lakini imeanza na swali sahihi.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa Arial Rounded MT Bold ina sura mbili katika Kiswahili. Kwa upande mmoja, silabi wazi za lugha zinaikinga dhidi ya kasoro zinazoogopwa kwingineko. Kwa upande mwingine, upatanisho wa ngeli, dhima ya vokali ya mwisho na tahajia ya ng' zinafichua udhaifu ambao vipimo vya Kiingereza haviuoni. Kwa hiyo ibaki katika vichwa, nembo na majalada, na hata huko jina linaloanza kwa Il- likaguliwe kabla ya kuchapwa.

Kwa wachapishaji, na kwa taasisi zinazotathmini vitabu vya kiada kama Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya, linapendekezwa jaribio dogo lisilohitaji mashine. Fonti yoyote inayopendekezwa kwa vitabu vya madarasa ya mwanzo ichapwe kwa ukubwa na katika karatasi itakayotumika, ikiwa na maneno haya: Ililia, Ilala, wasoma, wasome, ng'oa, ngoa, karne, kame. Kila jozi inapima tofauti moja ambayo Kiswahili kinaihitaji. Fonti ikishindwa katika mojawapo, isiingizwe katika kurasa za ndani.

Gharama ya kupuuza jambo hili haimwangukii mchoraji wala mchapishaji. Mtoto anapokwama mbele ya neno Ililia, mwalimu huandika katika daftari lake kwamba mtoto hajui kusoma. Huenda ikawa kweli. Lakini kabla ya hukumu hiyo kuandikwa, kuna haja ya kuhakikisha kwamba ukurasa aliopewa ulikuwa na herufi I na herufi l, si fimbo mbili zinazofanana.